Kalamu na Amri ya Nane



Sisi walimu wa dini tumezoea kufundisha amri ya nane kwa mifano ya kinywa. Twataja mtoto amdanganyaye mama yake, jirani amsingiziaye jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, shahidi asemaye uongo mbele ya hakimu. Mifano hiyo ni mizuri nayo itafaa daima. Lakini siku hizi imetokea njia nyingine ya kushuhudia, isiyohitaji kinywa wala hakimu. Kijana wa Bunia ashika simu yake, afungua kamusi elezo ya intaneti iitwayo Wikipedia, atafuta jina la mtu mashuhuri wa Ituri, asoma habari za maisha yake. Kisha, akipenda, abadili sentensi moja, aihifadhi, na kurudisha simu mfukoni. Punde si punde mwanafunzi wa Mahagi au wa Kisangani aweza kuinakili sentensi ile katika daftari lake, akidhani kwamba imeandikwa na wenye elimu.

Swali tunalotaka kulichungua ni hili: Mkristu ana wajibu gani anapoandika, au anaposahihisha, maisha ya mtu wa siasa wa kwetu, aliye hai bado, ambaye wengine wamwita baba na wengine wamwita adui? Je, ni halali kufuta jambo la kweli kwa ajili ya amani? Je, ni halali kuongeza jambo chungu kwa ajili ya haki?

1. Kitabu hiki ni kitu gani

Kamusi elezo hiyo ilianza tarehe 15 Januari 2001 kwa lugha ya Kiingereza. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Kwetu Kongo wengi huisoma ile ya Kifaransa. Haikuandikwa na maprofesa waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Huandikwa na watu wajitoleao, na karibu kila mtu aweza kuongeza au kupunguza maneno. Hata hivyo si shamba lisilo na ua. Iko sheria kwamba mwandishi asipendelee upande mmoja. Iko sheria kwamba kila neno liweze kuhakikishwa katika kitabu au gazeti la kuaminika. Tena iko sheria kwamba mtu asilete mawazo yake mwenyewe ambayo hayajachapwa popote. Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, na nyuma ya kila ukurasa kuna mahali pa majadiliano, ambapo waandishi huulizana sababu na kusahihishana.

Sheria hizo hazikuwazuia watu kutenda dhambi. Mwezi wa Mei 2005 mtu mmoja huko Marekani aliandika, kwa mzaha, kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler alishukiwa kushiriki katika kuuawa kwa Rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy, ndugu yake rais, na alikuwa rafiki wa nyumba ile. Maneno yale yalikaa miezi minne na zaidi bila kuondolewa. Mwaka ule ule wasaidizi wa mbunge Marty Meehan wa jimbo la Massachusetts waliondoa habari za maisha yake zilizokuwa zimeandikwa, wakaweka nyingine waliyoitunga ofisini. Katika kufanya hivyo ikatoweka habari ya ahadi aliyowapa wapiga kura, kwamba hatakaa bungeni zaidi ya vipindi vinne, ahadi ambayo hakuitimiza. Jambo hilo lilijulikana mwezi wa Januari 2006.

Tazameni mifano hii miwili. Katika wa kwanza kalamu iliongeza uongo. Katika wa pili kalamu iliondoa ukweli. Wa kwanza ulifanywa na mtu asiyemjua aliyemwandika. Wa pili ulifanywa na watu waliokula chakula chao kwake. Hatari zote mbili zi mbele yetu pia, hapa Ituri.

2. Kuandika ni kushuhudia

Wako wasemao: «Mimi si shahidi, mimi nimerekebisha sentensi tu.» Hawafikiri vema. Yule asomaye hamwoni mwandishi, hajui kabila lake wala chama chake; aona neno tu, naye alipokea kama ushahidi. Basi aliyeliweka neno lile ameshuhudia, hata kama jina lake halionekani. Tena ameshuhudia mbele ya watu wengi kuliko shahidi yeyote aliyesimama mahakamani, maana ukumbi wa mahakama una kuta, bali ukurasa huu hauna.

Mafundisho ya Kanisa yatutajia makosa yapasayo kutengwa moja moja. La kwanza ni kusingizia: kusema juu ya mtu jambo la uongo limwondoalo heshima. La pili ni kusengenya: kufunua kosa la kweli la mwenzako kwa watu wasiolijua, bila sababu ya haki. La tatu ni kuhukumu kwa haraka: kusadiki ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha, ijapokuwa moyoni tu. Tena kuna kosa la nne, ambalo wengi hulisahau: kumsifu mtu kwa uongo na kumthibitisha katika uovu wake, ili kupata fadhili yake.

Hilo la nne ndilo huonekana kuwa dogo kuliko yote. Mtu aandika kwamba mheshimiwa fulani alijenga barabara iliyojengwa na wengine, au kwamba alipendwa na watu wote, na hakuna aliayeje kulalamika. Lakini sifa ya uongo ni wizi. Heshima iliyokuwa ya wale waliobeba mawe imechukuliwa na kupewa asiyebeba. Tena wapiga kura wamenyimwa jambo walilokuwa na haki ya kulijua kabla ya kutoa kura zao.

3. Mambo ya wazi na mambo ya siri

Hapa twakutana na shida ya kweli. Kama kufunua kosa la kweli bila sababu ni kusengenya, je, yule aandikaye makosa ya mtu wa siasa si msengenyaji?

Jibu latupasa kulitafuta katika maneno «bila sababu ya haki». Mtu aombaye kura, au apokeaye madaraka, ameomba kuaminiwa na watu. Alivyotumia fedha za watu, alivyowaamuru askari, alivyotimiza au kuvunja ahadi zake: hayo ni mambo ya watu wote, kwa kuwa aliyatenda kwa jina lao. Kuyaandika kwa ukweli si kumsengenya. Ni kumpa kila mtu hesabu iliyo haki yake. Kadhalika hukumu iliyosomwa na mahakama hadharani si siri tena.

Lakini mtu wa siasa hakuwapa watu nyumba yake yote. Ugonjwa wake, ugomvi wake na mkewe, kosa la mtoto wake aliye shuleni, mambo hayo hayawi mali ya wote kwa sababu baba ana cheo. Yakiwa hayakugusa kazi yake, ayaandikaye afanya usengenyaji, hata kama kila neno ni la kweli. Mkristu akitaka kujua kama aruhusiwa, na ajiulize: je, jirani zangu wanahitaji kujua neno hili ili waishi kwa haki, au mimi nataka tu walifurahie?

4. Mfano wa kwetu

Tuchukue mfano tunaoujua sote. Thomas Lubanga alizaliwa mwaka 1960 katika Ituri, akasoma elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Kisangani, akawa kiongozi wa chama cha UPC kilichoshika Bunia mwezi wa Agosti 2002. Mwaka 2006 alipelekwa La Haye, akawa mtu wa kwanza kushitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yaani CPI. Tarehe 14 Machi 2012 alihukumiwa kuwa na hatia, na tarehe 10 Julai akapewa kifungo cha miaka 14. Hukumu ilithibitishwa katika rufani tarehe 1 Desemba 2014. Alitoka gerezani mwezi wa Machi 2020.

Alihukumiwa kwa kosa gani? Kwa kuwaandikisha katika jeshi watoto wasiotimiza miaka 15, na kuwatumia vitani, katika miaka ya 2002 na 2003. Kwa hilo tu. Hakushitakiwa huko kwa mauaji. Basi akija mtu mwenye uchungu wa ndugu zake waliokufa, akaandika katika ukurasa kwamba mahakama ilimhukumu kwa mauaji, huyo amesingizia, ijapokuwa aliyesingiziwa ni mtu aliyehukumiwa. Haki ya kutosingiziwa haimtoki mtu kwa sababu ya kufungwa. Na akija mwingine mwenye kumpenda, akaandika kwamba alipelekwa La Haye kwa sababu ya siasa tu, akaacha kutaja watoto wale, huyo naye amewasingizia watoto, maana amewafanya kuwa kama hawakuwako.

Ukweli mzima una mambo yasiyopendeza upande wowote. Wale wamchukiao hawatapenda kuandika kwamba kesi yake ilisimamishwa mara mbili, mwaka 2008 na mwaka 2010, kwa sababu ya makosa ya upande wa mashitaka, wala kwamba majaji wenyewe walikataa kuyategemea maneno ya mashahidi kadhaa walioletwa kama watoto askari. Wala hawatapenda kuandika kwamba, baada ya kutoka gerezani, alitumwa pamoja na wengine kuzungumza na wapiganaji wa CODECO, na kwamba mwezi wa Februari 2022 wapiganaji hao walimshika mateka. Wale wampendao hawatapenda kuandika kwamba hukumu ilithibitishwa hata hivyo, wala kwamba mwaka 2025 jina lake lilirudi katika magazeti kwa kutangaza kundi jipya la kuipinga serikali. Mwandishi mwaminifu ayaandika yote, kila moja kwa kipimo chake, na kwa tarehe yake.

Haya tusemayo si juu ya upande mmoja. Germain Katanga alihukumiwa tarehe 7 Machi 2014 kwa ajili ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Alipatikana na hatia ya kusaidia mauaji, uharibifu na unyang'anyi. Lakini mahakama ile ile haikumtia hatiani kwa makosa ya ubakaji, wala kwa kutumia watoto vitani. Mathieu Ngudjolo Chui, aliyeshitakiwa kwa ajili ya Bogoro hiyo hiyo, aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, na uamuzi huo ukathibitishwa mwaka 2015. Majaji walieleza kwamba kutopatikana na hatia si sawa na kuthibitishwa kuwa bila kosa. Maana yake ushahidi haukutosha. Basi asahihishaye ukurasa wake asiandike «mwuaji wa Bogoro», wala asiandike «mahakama ilithibitisha kwamba hakufanya lolote». Na aandike lililoamuliwa. Ni neno dogo, lisilomshibisha mwenye hasira wala mwenye mapenzi, lakini ndilo la kweli.

5. Mapingamizi mawili

Wengine wasema: «Katika Ituri makumi ya maelfu ya watu walikufa. Darasani watoto wa Wahema na watoto wa Walendu wamekaa katika benchi moja. Mkiandika mambo hayo mtachokoza moto. Afadhali kuyafuta.»

Pingamizi hili latoka katika moyo mwema, nalo lastahili jibu la adabu. Ni kweli kwamba si kila jambo la kweli lapaswa kusemwa mahali pote na wakati wote. Busara ni fadhila, na ziko saa ambapo mtu mwenye hekima hunyamaza. Lakini yapasa kutenganisha kunyamaza na kufuta. Anyamazaye ashika ulimi wake mwenyewe. Afutaye ashika ulimi wa mwingine. Mama aliyempoteza mwanawe akaandikisha habari yake mbele ya mahakama, kisha akaona kijana aifuta kwa kidole kimoja, hatasema kwamba kijana yule ameleta amani. Atasema kwamba mwanawe amepotezwa mara ya pili. Tena mtoto asiyekuta habari za kweli katika kitabu atazipata jikoni na njiani, nazo huko hazina tarehe wala kipimo: kabila zima litakuwa limekosa, na kabila zima litakuwa limeonewa. Hukumu iliyoandikwa vema humtaja mtu mmoja na tendo lake. Kwa hiyo yawakinga wengine wote wenye lugha moja naye.

Pingamizi la pili latoka upande wa pili: «Mtu huyu ametenda mabaya mengi yasiyofika mahakamani. Sisi twayajua. Nikiongeza kidogo, sitakuwa nimekosa; nitakuwa nimesaidia haki.» Jibu ni fupi. Mwenyezi Mungu hahitaji uongo wetu ili haki yake isimame. Tena aongezaye jambo asiloweza kulithibitisha huharibu hata yale yaliyothibitika, maana msomaji akigundua neno moja la uongo atayatilia shaka yote, na mkosaji atapata njia ya kutoka.

6. Kanisa lilivyotenda

Mtu asidhani kwamba twadai kwa watu wa siasa jambo ambalo Kanisa halikulidai kwa wana wake. Wainjili wote wanne waliandika kwamba Mtakatifu Petro alimkana Bwana wetu mara tatu. Petro aliheshimiwa kuwa kichwa cha Mitume, na Wakristu waliteswa. Yangepatikana maneno mengi ya kusema kwamba habari ile ifichwe kwa ajili ya heshima na umoja. Haikufichwa. Wala machozi ya Petro hayakufichwa, na hilo ndilo latufundisha. Kosa liliandikwa pamoja na toba.

Katika karne ya 17 Wajesuiti wa Ubelgiji walianza kazi ya kuchunguza maisha ya watakatifu wote, ili kutenga yaliyo kweli na yaliyobuniwa na watu wenye ibada isiyo na akili. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1643, nao waitwa Wabollandisti kwa jina la Padri Jean Bolland. Mmoja wao, Padri Daniel van Papenbroeck, alionyesha kwamba hakuna ushahidi kuwa shirika la Wakarmeli lilianzishwa na nabii Eliya mwenyewe. Wakarmeli walikasirika. Mwaka 1695 vitabu hivyo vilihukumiwa na Inkwizisyo ya Uhispania, na hukumu haikuondolewa hata mwaka 1715, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Padri huyo hakuwachukia Wakarmeli. Alikataa tu kuweka katika kitabu jambo asiloliona katika ushahidi.

Kadhalika, kabla ya kumtangaza mtu kuwa Mwenye Heri, Kanisa huwahoji mashahidi. Kwa karne nyingi padri mmoja alikuwa na kazi ya kutafuta sababu za kupinga, mpaka Papa Yohane Paulo II alipoibadilisha taratibu hiyo mwaka 1983. Na baada ya mwaka huo uchunguzi haukukoma. Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alitangazwa Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na maisha yake yalichunguzwa kwanza kama ya wengine. Ikiwa maisha ya bikira mfiadini hupitiwa hivyo, mheshimiwa wa siasa asione vibaya maisha yake yakipitiwa.

7. Namna ya kusahihisha

Anayetaka kufanya kazi hii kwa dhamiri njema na amwangalie Danieli kijana. Wazee wawili walimshitaki Susana, na watu wote wakawasadiki, kwa kuwa walikuwa wawili, tena wazee, tena waamuzi. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani aliyaona aliyoyasema. Kila mmoja akataja mti mwingine. Hapo mwanamke mwadilifu akaokoka.

Kazi ya msahihishaji ni hiyo hasa: kuwatenga mashahidi. Akiona habari moja katika magazeti matatu, asiseme upesi kwamba ana mashahidi watatu. Na atazame tarehe. Mara nyingine gazeti la kwanza liliinakili kamusi elezo, la pili likalinakili la kwanza, kisha mtu akarudi katika kamusi na kuyataja magazeti hayo kuwa uthibitisho. Hao si mashahidi watatu. Ni mdomo mmoja uliosikika katika mabonde matatu.

Tena na aulize mambo haya. Ni nani aliyesema, naye aliona au alisikia? Neno la mahakama limeandikwa kama lilivyo, au limeongezwa chumvi? Je, mtu aliyeshitakiwa tu ameitwa mhalifu? Je, aliyeachiliwa ametajwa kuwa ameachiliwa, au kesi imeandikwa na mwisho wake kusahaulika? Kwa watu walio hai kamusi yenyewe ina sheria kali: jambo la kuleta ubishi lisilo na chanzo kizuri liondolewe mara moja, liwe la sifa au la lawama. Mkristu hawezi kuwa mzembe pale ambapo hata watu wasio na dini wamejifunga kwa sheria.

Juu ya ndugu, katibu, au mtu aliyelipwa na mwanasiasa, neno ni wazi. Tangu mwaka 2014 wenye kamusi humtaka kila aandikaye kwa malipo kutangaza aliyemlipa. Na hata asipolipwa, yampasa ndugu kuona aibu ya kuwa shahidi katika kesi ya nyumba yake. Akiona kosa, na aende mahali pa majadiliano, aseme wazi: «Huyu ni mjomba wangu, tarehe hii si sahihi, ushahidi ni huu.» Kisha awaachie wengine kusahihisha. Kwa kufanya hivyo hatapoteza kitu, na neno lake litapata nguvu kuliko kama angeingia kwa siri.

8. Wasio na gazeti

Limebaki jambo moja lililo zito. Sheria yataka kila neno liwe limechapwa mahali fulani. Lakini huko vijijini mambo mengi hayakuchapwa popote. Waliosoma na wenye vyama wana magazeti. Mjane mkimbizi hana. Basi ukurasa waweza kuwa wa kweli katika kila sentensi, nao ukawa umeegemea upande wa wale waliokuwa na mtu wa kuwaandikia. Tusiseme kwamba hili ni jambo dogo.

Hata hivyo dawa yake si kuweka katika kamusi maneno yasiyoweza kuhakikishwa, maana mlango ukifunguliwa kwa mjane, mwenye kumtesa mjane ataingia kwa mlango huo huo. Dawa ni kuwafanya wasio na sauti kuwa mashahidi mahali panapofaa. Katekista aweza kuandika kwa uangalifu, pamoja na wazee wa jumuiya, majina ya waliokufa na siku walizokufa. Walimu waweza kuwasaidia wazee kusimulia, watangazaji wa redio waweza kuwasikiliza, wanafunzi wa vyuo vyetu waweza kuchunguza na kuchapa. Kamusi elezo ni kama mto. Haiwezi kupanda juu kuliko chemchemi zake. Anayeona mto una maji machache na asitie maji ya dimbwi. Na aende kuzibua chemchemi. Ni kazi ya miaka, nayo haileti furaha ya upesi kama kubonyeza kidole. Lakini wakati twaifanya, wengine watakufa kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo isiahirishwe.

9. Kurudisha kilichoharibiwa

Aliyeiba ng'ombe haungami tu, humrudisha ng'ombe. Kadhalika aliyeharibu jina la mtu, au aliyefuta ushahidi wa aliyeonewa, afungwa na wajibu wa kurudisha, hata kama hakuna mahakama itakayomwita. Katika jambo hili kitabu cha intaneti chatupa rehema ambayo neno la kinywa halitupi: maandishi ya zamani yangaliko katika historia ya ukurasa, na yaweza kurudishwa. Lakini tusijidanganye. Daftari la mwanafunzi aliyekwisha nakili halisahihishwi na mashine. Kwa sababu hiyo aliyekosa na asahihishe mapema, tena aeleze mahali pa majadiliano kwamba neno lile halikuwa kweli.

Ili kuwasaidia vijana na viongozi wa jumuiya, twaweka hapa maswali machache ya kujichunguza, yafaayo kusomwa kabla ya kuandika habari za mtu yeyote:

Je, neno hili ni kweli, nami naweza kuonyesha wapi nililipata? Je, lahusu kazi yake mbele ya watu, au siri ya nyumba yake? Kama mtu huyu angekuwa wa kabila langu, ningeliandika hivi hivi? Kama angekuwa wa kabila lile lingine, ningelifuta? Je, nimeandika mwisho wa jambo, au nimekoma pale panapoufurahisha moyo wangu? Na yule aliyeumizwa na jambo hili, akisoma, ataona kwamba amekumbukwa?

Na Bwana wetu Yezu Kristu, aliyesimama mbele ya mashahidi wa uongo asifungue kinywa chake kuwalaani, atujalie kalamu isiyomwonea mtu yeyote, aliye mkubwa wala aliye mdogo.